Ndugu Aliyebaki Ibaba

Kuna swali ambalo wanaoendesha vituo vya watoto wa mitaani huulizwa mara chache sana. Wanaulizwa wana watoto wangapi, kama wamesajiliwa, pesa zinatoka wapi, wasichana wanalala wapi na wavulana wapi. Yote ni maswali halali na ofisa ustawi wa jamii asiyeyauliza hafanyi kazi yake. Ninalolitaka mimi ni jingine: huyu mtoto mliyemchukua, ana ndugu aliyebaki nyumbani? Na kama yupo, anawadai nini?

Nalitaka kwa sababu nafikiria mahali maalumu. Ibaba ni kata katika wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ileje inapakana na Malawi na Zambia, ni nchi ya milima, baridi na kilimo cha jembe la mkono: mahindi, maharage, ndizi, kahawa kidogo. Ukishuka kutoka huko, ukafika Isongole, unashika lami mpaka Mpemba, na Mpemba ukishafika Tunduma ni hapo tu. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kupangwa. Siku hizi mtoto mwenye nauli ya kuokoteza, au mwenye maneno matamu kwa kondakta, anaamka Ileje na jioni yuko mpakani.

Na Tunduma inamvuta. Upande wa pili ni Nakonde, Zambia, na ukisimama katikati ya watu usipoangalia vibao hujui nchi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Hapo inapita barabara kuu ya kwenda Zambia, inapita reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na kuanzia 2019 kipo kituo cha pamoja cha forodha. Shaba inashuka kwenda bandari ya Dar es Salaam, mafuta yanapanda. Malori yanasubiri. Penye malori yanayosubiri pana madereva wenye njaa, mama lishe wanaohitaji mtu wa kuchota maji na kuosha sahani, mizigo midogo ya kubebwa, chupa za kuokotwa, utingo anayetaka gari lake lifutwe vioo. Mtoto wa miaka 12 hakosi shilingi mia tano Tunduma. Anachokosa ni mahali pa kulala ambapo hataamshwa kwa teke, au kwa jambo baya zaidi ya teke.

Tuseme basi mvulana huyo ametoka Ibaba. Simpi jina maana simzungumzii mtu mmoja. Baada ya miezi kadhaa anachukuliwa na kituo, kile chenye nyumba ya kulala na shule ndani ya uzio mmoja, kinachoendeshwa kwa michango ya watu wema wa ndani na nje. Anapata godoro na chandarua. Anapata uji asubuhi, ugali mchana, wali Jumapili. Anapata sare, daftari zinazotosha, mwalimu mwenye wanafunzi 20 badala ya 90, na Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mahali fulani Uholanzi au Marekani familia moja ina picha yake ukutani na inatuma pesa kila mwezi.

Mdogo wake yuko Ibaba. Huyo hakutoroka. Alibaki na mama, akaenda shule ya kata, akachota maji, akapigwa na baridi ileile na pengine na fimbo ileile. Elimu ni bure, tunaambiwa, na kwa kiasi kikubwa ni kweli: ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2002, na ya sekondari hadi kidato cha nne ikaondolewa kuanzia 2016. Lakini kila mzazi wa kijijini anajua bure hiyo ina bei yake. Sare haiji bure. Daftari, viatu, mchango wa chakula, na ile asubuhi ya kutembea kilometa kadhaa kwenye ukungu tumbo likiwa tupu. Kwa mdogo mtu hakuna anayetuma pesa. Hana picha ukutani kwa mtu.

Sasa niambie, kati ya watoto hawa wawili ni nani aliyefanya alichotakiwa kufanya?

Wengi wetu tuliokulia makanisani tunakijua kisa cha mwana mpotevu katika Injili ya Luka, na tunajua upande wa kushangilia. Mdogo amerudi, ndama amechinjwa, ngoma inalia. Yule kaka mkubwa aliyebaki shambani, aliyesimama nje akinung'unika, tunamwona ana roho mbaya. Mimi siku zote nimemwonea huruma. Lakini hata yeye alikuwa na jambo moja ambalo mtoto wa Ibaba hana: baba yake alitoka nje kumfuata na kumhakikishia kwamba mali yote iliyopo ni yake. Mama wa Ibaba atatoka nje kumwambia nini mwanawe? Kwamba hili bati lililotoboka ni lako? Kile kisa kinakamilika kwa sababu baba ni tajiri na nyumba ni moja. Hapa anayemchinjia ndama aliyepotea ni mtu baki, kwenye mji mwingine, na aliyebaki nyumbani hata harufu ya nyama haimfikii.

Hadithi zetu nazo zinachangia. Waliosoma Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya ya 1996, wanamkumbuka Kongowea Mswahili akiondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Tunampenda mtoto anayeondoka, njia yake ndiyo riwaya. Anayebaki hana sura hata moja. Wafadhili wanafikiri kwa namna hiyohiyo, na siwalaumu sana, kwa sababu barua ya kuomba msaada nayo ni hadithi fupi: alilala kwenye boksi, leo anaongoza darasani. Jaribu kuandika barua ya yule mwingine. "Alikuwa Ibaba, bado yuko Ibaba." Nani atatuma pesa?

Naijua hoja ya mwenye kituo, na ni nzito. Anasema: mimi sikuumba umaskini wa Ileje. Usiku huu, mwezi wa sita, Tunduma kuna baridi, na mtoto yuko mbele yangu anatetemeka. Ningoje serikali imalize kujenga madarasa ya Ibaba ndipo nimfungulie mlango? Sioni mtu mwenye akili timamu atakayemjibu ndiyo. Wajibu wa kumwokoa aliye mbele yako haungojei haki ya wote ipatikane. Aliyezama anavutwa kwanza, habari za kujenga daraja zinafuata.

Ila hoja hiyo ni ya usiku wa kwanza. Inahalalisha godoro, uji na blanketi. Haihalalishi yenyewe miaka saba ya shule ya Kiingereza ndani ya uzio. Tunapohama kutoka kuokoa kwenda kulea na kusomesha, tumehama pia kutoka kwenye dharura kwenda kwenye kugawa, na anayegawa lazima aulizwe kwa nini huyu na si yule. Hapo "alikuwa mbele yangu" haitoshi tena. Alikuwa mbele yako kwa sababu alitoroka.

Kenya ina mfano ambao umeishi muda mrefu kiasi cha kutufundisha kitu. Mwaka 1959, Nairobi ikiwa bado ndani ya hali ya hatari iliyotangazwa 1952 kwa ajili ya vita vya Mau Mau, Geoffrey Griffin, Mzungu mzaliwa wa Kenya aliyekuwa amefanya kazi na vijana wa kambi ya Wamumu, alishirikiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kufungua kituo cha kuwaokoa wavulana waliozagaa mitaani. Wengi wazazi wao walikuwa wameuawa au wako kizuizini. Walianza na vibanda viwili vya bati vilivyotolewa na kampuni za mafuta, Shell na BP. Hicho ndicho Starehe. Griffin alikaa pale mpaka kifo chake mwaka 2005, na kwa miaka mingi Starehe ilikuwa miongoni mwa shule zinazoongoza mitihani ya taifa. Mawaziri, madaktari, wahandisi wamepita pale. Wasio na uwezo walisoma bure, wenye uwezo wakalipa, na malipo yao yakasaidia wengine. Mwaka huohuo wa 2005 shule dada ya wasichana ikafunguliwa.

Lakini angalia nani anaingia. Kwa miaka mingi, ili uingie Starehe ulitakiwa uwe umefaulu vizuri mtihani wa shule ya msingi, na wengi wa walioingia walikuwa maskini. Mtoto anayelala kwenye mifereji ya Nairobi hajafanya mtihani wowote, achilia mbali kuufaulu. Kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya chokoraa kimekuwa shule ambayo chokoraa haiwezi. Kuna wanaosema hiyo ni kusaliti asili yake. Mimi nasema tofauti. Bila kutamka hivyo, Starehe ilihama kutoka kwa mtoto aliyetoroka kwenda kwa ndugu yake aliyebaki, yule aliyesoma kwa kibatari mpaka akafaulu. Ilimwona yule ambaye hakuna aliyemwona. Gharama yake ni kwamba yule wa kwanza alibaki nje ya geti.

Huyo wa kwanza alikuwa na watu wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 padri Mholanzi, Arnold Grol, alianzisha Nairobi shirika la Undugu kwa ajili ya wale vijana waliokuwa wakielekeza magari kwenye maegesho na kuomba sarafu. Ninachokipenda kwa Undugu, mbali na jina, ni kwamba walipeleka madarasa ndani ya vitongoji duni vyenyewe. Mtaala wa shule ya msingi ulibanwa ukawa wa miaka mitatu kwa waliozidi umri, kisha kijana anakwenda kujifunza ufundi kwa fundi wa jua kali wa mtaani. Mtoto anasoma karibu na kwao, na mdogo wake akichungulia dirishani ni rahisi naye kuingia. Huko Starehe hakuna dirisha la mtu kuchungulia.

Kwetu Tanzania, Kuleana ya Mwanza na Dogodogo ya Dar es Salaam zote zilianza mwaka 1992, miaka ambayo miji ilikuwa imeanza kujaa watoto na shule zilikuwa zimerudisha ada. Baadaye serikali yenyewe ilikuja na MEMKWA, elimu ya msingi kwa walioikosa, wazo linalokaribiana na lile la Undugu. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaweka wazi kwamba mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake, na kwamba makao ya watoto lazima yawe na leseni. Mwaka huohuo wa 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya malezi mbadala, na ndani yake kuna jambo ambalo kila mwenye kituo angepaswa kulibandika ukutani ofisini: umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Kenya mwaka 2022 imetoa mkakati wa miaka 10 wa kuwatoa watoto kwenye vituo na kuwarudisha kwenye familia.

Watafiti wanaounga mkono mwelekeo huo hupenda kutaja utafiti wa Bucharest, Romania, uliofuatilia watoto 136 kutoka vituo vya yatima kuanzia mwaka 2000, nusu wakapelekwa kwenye malezi ya kambo. Waliopata familia walikua vizuri zaidi, akili na mwili, hasa waliotoka mapema. Sina ugomvi nao. Ila wale walikuwa watoto wachanga. Mvulana wa miaka 12 aliyekwishajitegemea Tunduma si mtoto mchanga wa Bucharest. Ana maoni yake, ana hasira zake. Ukimrudisha Ibaba Ijumaa bila kugusa kilichomtoa, Jumanne utamkuta kwenye malori.

Na hapa ndipo ninapofikia jambo lenyewe. Watoto hawatoroki hovyo. Kuna baba wa kambo aliyekuja na mkono mwepesi. Kuna bibi aliyezeeka, hawezi tena kulima. Kuna pombe, kuna ugonjwa. Mtoto anayefika Tunduma amekuja na taarifa kuhusu nyumba fulani, hata kama hawezi kuieleza. Ndugu yake aliyebaki bado yumo ndani ya nyumba hiyohiyo. Inawezekana alibaki kwa utii, inawezekana alikuwa mdogo mno kutembea mpaka barabarani, au ni msichana na anajua barabarani pana nini kwa msichana. Kituo kinachompokea mvulana, kikamwogesha, kikampa sare, kisha kisipande Ibaba kuuliza kulikoni, kimepokea barua na hakijaifungua.

Kwa hiyo swali langu la mwanzo si la wivu. Mtu anaweza kudhani nadai mgawanyo sawa wa wali wa Jumapili. Hapana. Kumuuliza mtoto habari za nduguze ndiyo njia ya kujua alichokimbia.

Mbona basi haiulizwi? Mchezo wa pesa unaeleza mengi. Mfadhili analipia mtoto, na mtoto anahesabiwa kwa kitanda. Kitanda kikibaki kitupu kwa sababu mtoto amerudi kwao salama, kwenye vitabu hilo linaonekana kama hasara. Nauli ya ofisa kupanda Ibaba mara nne kwa mwaka haina picha. Mifuko miwili ya mbolea kwa mama yake, mabati kumi, sare ya mdogo mtu, vyote kwa pamoja huenda visifikie gharama ya mwaka mmoja wa bweni, lakini nani ataandika jina lake kwenye mfuko wa mbolea? Simsemi mwenye kituo kwamba ni mwizi. Wengi ninaowafikiria wanakula pamoja na watoto na mishahara yao inachelewa kabla ya ya mtu mwingine yeyote. Ninachosema ni kwamba hata mtu mwema, akilipwa kwa kitanda, ataanza kuviona vitanda kuliko nyumba walizotoka wanaovilalia.

Lugha nayo inafichua. Kwenye vituo watoto humwita mwendeshaji Mama au Baba, na ni heshima nzuri, sisi hatumwiti mkubwa kwa jina tupu. Lakini sikiliza anachoitwa yule wa kijijini: "mama mzazi". Kuanzia hapo anahitaji kivumishi ili ajulikane ni mama yupi.

Kuhusu shule yenyewe nina msimamo, na najua baadhi ya wasomaji hawataupenda. Shule ya ndani ya uzio kwa watoto wa kituo peke yao ndiyo chaguo baya kuliko yote. Inawafundisha watoto kwamba wao ni aina ya watu, na inawafundisha majirani hivyohivyo. Najua kwa nini zinajengwa. Kijana wa miaka 13 asiyejua kusoma ukimkalisha darasa la kwanza na watoto wa miaka sita, aibu itamtoa kabla ya ratiba ya kwanza kuisha. Anahitaji mwaka mmoja au miwili ya kufukuzia, na mwalimu mwenye subira. Baada ya hapo atoke, aende shule ya kata na wenzake, na zile pesa za kujengea madarasa ya ndani zikajenge choo na kununua madawati huko nje. Au kama shule ya ndani ni lazima, geti lifunguliwe kwa watoto wa jirani, kwa idadi ya maana na si wawili wa kuonyesha wageni.

Mtu ataniambia shule ya kata ni mbovu, tutamwua mtoto mara ya pili. Kama ni mbovu kwa huyu, basi ni mbovu kwa mdogo wake pia, na tumerudi palepale.

Hakuna mpango nilioutaja unaomlipa mdogo mtu yote anayodai. Hata kituo kikifanya kila kitu sawasawa, kikapanda mlimani, kikakaa na mama, mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kitongoji, kikatoa mbolea na mabati, bado mmoja atakuwa amesoma mjini na mwingine hapana. Desemba inafika. Mvulana anapanda Ibaba kwa likizo, na viatu, na begi lenye zipu nzima. Anaamkia vizuri, shikamoo kwa kila mtu, lakini maneno ya kilugha yanamtoka kwa kusitasita na mama anamtafutia kiti kana kwamba ni mgeni. Asubuhi wanaenda shamba wote. Mkono wake umelainika, jembe linamchubua kabla ya saa nne. Mdogo wake analima mstari wake mpaka mwisho, anageuka, anamsaidia wa kaka.

Jioni, wakiwa wawili jikoni wanaota moto, mdogo anauliza kitabu hiki kinasema nini, na hicho kingine. Anauliza huko mnakula saa ngapi. Halafu, akichochea kuni na bila kumwangalia kaka yake, anauliza nauli ya Tunduma siku hizi ni shilingi ngapi.